Uwatu kwa mzazi anayenyonyesha
Dada yangu wa Wete, umeuliza kama ni haki kumpa wifi yako uwatu ili maziwa yaongezeke, ilhali anameza vidonge vya kisukari. Naomba usimpe kwanza. Uwatu kidogo wa kiungo ndani ya mchuzi ni jambo jengine. Lakini ule unaorowekwa usiku kucha na kunywewa kwa bilauri kila asubuhi huweza kushusha sukari, na ukikutana na vidonge vyake huenda akazidiwa na kizunguzungu akiwa amempakata mtoto. Mzazi aliyechoka hukubali lolote aambiwalo na wakubwa, kwa hiyo dhamana ni yako. Nendeni pamoja kituo cha afya, mkichukua vidonge na uwatu wenyewe. Wakati huo mtoto anyonyeshwe mara kwa mara, usiku pia, kwani kunyonya ndiko kunakoleta maziwa.