Kifuniko cha kipochi cha sanduku kimepinda

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nashona mikoba hapa Tanga. Mteja alinionyesha picha ya Petite Malle ya Louis Vuitton, akataka kipochi cha mkononi chenye umbo kama lile la sanduku la safari la zamani. Nilitumia kadibodi nene, nikaivika ngozi kwa nje. Wiki mbili hazijaisha kifuniko kimepinda, loki haifiki mahali pake. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada. Mkono wako hauna kosa, tatizo ni mifupa, yaani kiunzi kilicho chini ya ngozi. Nicolas Ghesquière, mbunifu wa Louis Vuitton, alipokitoa kipochi hicho mwaka 2014, alirudi kwenye masanduku ambayo nyumba hiyo ya mitindo ilianza kuyatengeneza Paris katika karne ya 19: mbao nyepesi ya mti wa mpopla ndani, turubai juu yake, shaba kwenye pembe. Kadibodi hunywa unyevu, na hewa ya Tanga unaijua. Isitoshe, gundi ikikauka huvuta. Ukibandika upande mmoja tu, ubao lazima ufuate huko inakovuta.

Chukua plaiwudi ya milimita 3. Nyuzi za tabaka zake hupishana, kwa hiyo haipindi ovyo. Kisha, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote, usitengeneze kifuniko na kitako mbali mbali. Unda boksi zima lililozibwa pande zote sita, gundi ikauke, ndipo ulikate kwa msumeno wenye meno membamba. Vipande viwili vilivyotoka boksi moja hukutana vyenyewe. Ukivipima kimoja kimoja utasumbuka na msasa mchana kutwa.

Kuhusu loki: ngozi ya milimita 1 ikikunjwa ukingoni juu na chini, tayari umeinua kifuniko milimita 2. Ichonge ukingo wake hadi nusu ya unene, kwa kisu kikali, upande wa nyama, yaani ule wa ndani usio laini. Bitana ya ndani ibandike siku ileile unayovika nje ili mivuto ilingane. Loki ifunge mwisho kabisa, ukiwa umeshavika kila kitu.

Vibati vya kwenye pembe usiviache ukidhani ni urembo. Pembe ndipo sanduku linapogongwa, tena ndipo mikunjo mitatu ya ngozi inapokutana, na hakuna fundi anayeikunja ikalala kabisa.

Hicho kilichopinda usikinyooshe kwa pasi, kitarudi. Bandua ngozi taratibu, okoa loki na bawaba, uanze na mbao.