Kipimo kinasoma 0, mwanangu akae dirishani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 7 ana zeroderma pigmentosamu, ule ugonjwa wa ngozi kutovumilia jua hata kidogo. Mjomba wake ametuletea kipimo cha mkononi cha mionzi ya jua. Saa sita mchana uani kinasoma 12. Sebuleni, dirisha la kioo likiwa limefungwa, kinasoma 0. Mtoto analilia kuchorea pale dirishani awaone wenzake wakicheza. Nimruhusu?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Usimruhusu bado. Hiyo 0 imenitia hofu kuliko hiyo 12.

Ile 12 naiamini. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la utosi na anga safi huvusha fahirisi ya mionzi ya urujuanimno (UV) juu ya 11, inapoanzia ngazi ya juu kabisa ya Shirika la Afya Duniani. Ila kipimo cha fahirisi husikia zaidi UVB, ile inayounguza ngozi, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 280 hadi 315. Kioo cha kawaida huizuia karibu yote, ndiyo maana kipimo kimenyamaza. Lakini aina nyingine ya UV, yaani UVA, ya nanomita 315 hadi 400, hupenya kioo hichohicho kwa wingi. Na seli za mwanao haziwezi kurekebisha vizuri vinasaba vilivyoharibiwa na mionzi, kwa hiyo madhara hujilimbikiza.

Mimi nina ualbino, na nimefundisha fizikia hapa Arusha miaka 26. Miaka mingi nilipanda daladala ya Kwa Mrombo nikikaa dirishani upande wa kushoto, kioo kimefungwa, nikijiona salama. Daktari wa ngozi ndiye aliyenionyesha kwamba shavu la kushoto lina madoa mengi kuliko la kulia. Mwalimu wa fizikia mzima, na sikuwahi kukipima kile kioo!

Tafuta kipimo cha UVA kinachofika nanomita 400. Kishike usawa wa uso wa mtoto, kikitazama anakotazama yeye, kisha kigeuzie angani, kwani mionzi mingi hutawanywa na anga hata pasipo na jua la moja kwa moja. Weka filamu ya kioo iliyothibitishwa kuzuia UV hadi 400. Usidanganywe na weusi wa tinti: filamu angavu inaweza kuzuia vizuri, na nyeusi ikapitisha. Ukishabandika, pima tena.

Mpaka hapo, pazia zito, lililofumwa kwa kubana, lifungwe mchana kutwa. Giza likishaingia kabisa, mtoe nje acheze, na wenzake waitwe.

Nyuma ya hicho kipimo kuna maandishi madogo. Yanakili yote unitumie, nikuambie kinasikia mionzi ipi.