Ami, bastola ya upepo ya babu ni ya mwaka gani?

SWALI: Asalam aleikum ami. Nipo Wete. Tulikuwa tunasafisha stoo tukakuta bastola ya upepo ya marehemu babu, ya kulengea shabaha. Ubavuni imeandikwa Feinwerkbau Modell 65, kuna W. Germany na herufi F ndani ya kialama. Bimkubwa anasema babu alikuja nayo kabla ya Mapinduzi, kaka anasema ni ya 1965 maana 65 si hiyo hapo. Nani mkweli? Na hii kutu niipige msasa?

JIBU: Waaleikum salaam. Msasa weka chini kwanza, tafadhali! Utakula ile rangi ya chuma na maandishi yake, na ushahidi wote ndo huo. Kitambaa na oili nyepesi basi, hewa yetu hii ya chumvi inatosha kuila.

Haya, wote wawili hawajapata. 65 ni jina la modeli, imeanza kutoka 1965 kwenye kiwanda cha Feinwerkbau kule Oberndorf, Ujerumani, halafu wakaendelea kuitengeneza miaka na miaka kwa jina lile lile, sasa ya mwanzo na ya mwisho zote utaziona na 65 ubavuni. Bimkubwa usimbishie mbele za watu lakini Mapinduzi ni Januari 1964, hii bastola ilikuwa haijazaliwa. Pengine babu alikuwa na nyengine kabla, Walther LP53 kwa mfano ilikuwepo tangu 1953, na kwa mtoto wa wakati ule bastola ni bastola tu.

Mie nnaitaka hiyo F. Itazame vizuri kwa lenzi, ikiwa imezungukwa na pembe tano basi ni alama ya sheria ya Wajerumani kwa silaha za upepo zisizopita jouli 7.5 (ndo kipimo cha nguvu ya risasi ikitoka), na hiyo imeanza 1970, kwa hivyo ya kwenu haishuki chini ya hapo. (Ingekuwa haina F nisingekwambia kitu, kukosekana kwake peke yake si ushahidi.) Halafu W. Germany ni Ujerumani Magharibi, na hao wameungana na wenzao Oktoba 1990. Umeshaibana hapo katikati.

Mpini wa mbao usikushughulishe, unafungwa kwa skrubu na watu wakibadilisha watakavyo. Mwaka wenyewe utatoka kwenye namba ya seriali, piga picha ilio wazi uwaandikie kiwandani, wapo bado, maana anaekutazamia namba kwa macho tu anabahatisha.

Na ule wenzo wa pembeni usiuvute kujaribu. Sili na mpira wa ndani wa hizi zikikaa sana zinasagika kama halua iliyokauka, ukiifyatua hivyo chuma kinagonga chuma. Pitia na kituo cha polisi uulize habari ya kibali kabla hujaivusha bahari kuniletea mjini.