Geji Zikiruka Pamoja, Usikimbilie Kununua Dashibodi

*Fundi, salaam aleikum. Nina Corolla DX ya zamani. Nikiwasha taa usiku, geji ya mafuta na ya joto hupanda pamoja, na taa za dashibodi hufifia. Nimeshauriwa ninunue dashibodi ya mtumba. Ninunue? – Dereva wa teksi, Likoni*

Waaleikum salaam, kaka. Usinunue. Geji mbili haziwezi kuharibika kila taa zinapowashwa, kisha zikapona taa zinapozimwa. Hapo mwenye makosa ni waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi ili umeme urudi kwenye betri. Kwenye Toyota huwa mweupe wenye mstari mweusi. Ukishika kutu, umeme wa taa hukosa pa kurudia, ukajipenyeza ndani ya geji hadi kwenye sensa (vipimio) za tangi na injini. Mishale hupanda bila sababu.

Pima kabla ya kufungua kitu. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye ardhi ya dashibodi, taa zikiwa zimewaka. Isizidi volti 0.2. Ukisoma 1 au zaidi, mwizi umemkamata. Kama huna mita, chukua kipande cha waya, uunganishe ardhi ya dashibodi na chuma safi cha bodi. Geji zikitulia, umepata jibu.

Sasa toa kichwa cha hasi cha betri, fungua skrubu ya ardhi na upige msasa hadi chuma king'ae, pande zote mbili. Kaza, kisha paka vaselini juu yake. Huku kwetu usiiruke hatua hiyo, maana hewa ya chumvi hula viungo vya shaba hadi vikatoa unga wa kijani. Chomoa na plagi za nyuma ya dashibodi uzitazame. Nimewaona watu wakilipia dashibodi nzima kwa ajili ya skrubu moja, na huniuma kila mara.

*Land Rover yangu ni Series III. Geji ya mafuta na ya joto zote husoma juu kupita kiasi, mchana na usiku. – Msomaji, Mtongwe*

Gari lako lina kidhibiti volti, kijisanduku kidogo cha bati nyuma ya geji, kinachozipa geji hizo mbili wastani wa volti 10. Kikikosa ardhi hupitisha volti zote za betri, geji zikadanganya. Safisha pale kinapogusa chuma. Ukikipima, mshale wa mita utarukaruka. Usishtuke, ndivyo kinavyofanya kazi, kwa kukata na kuunga. Kama geji zote mbili zingekuwa zimekufa kabisa, ningekwambia utafute kama umeme unakifikia.

*Nikifungua ufunguo, taa nyekundu ya betri haiwaki kamwe. Kijana wangu asema ni heri, kwani taa hiyo ni ya ubovu. Lakini betri hulala kila baada ya siku chache. – Mama, Tudor*

Mama, shikamoo. Taa hiyo yafaa iwake ufunguo unapofunguliwa, izime injini ikishika. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaoiamsha alternata (mashine inayochaji betri) hupita kwenye balbu hiyo hiyo. Ikiungua, au kishikio chake kikilegea, alternata huenda isichaji ingawa ni nzima. Mwambie kijana aitoe balbu, asafishe kishikio, aweke nyingine yenye wati zile zile. Balbu ya LED isiyo na rezista haipitishi umeme wa kutosha. Kisha apime betri injini ikinguruma: volti 13.8 hadi 14.4. Akiona 12 na kushuka, hapo ndipo alternata ishukiwe.

*Fyuzi ya geji hukatika kila wiki. Naweza kuweka waya? – Kongowea*

Hapana. Waya hautakatika, utaungua, pamoja na gari. Tafuta mahali waya umechunika na kugusa bodi, hasa unapopita kwenye tundu la chuma.

*Tangi limejaa lakini geji husema tupu. – Msomaji, Bamburi*

Chomoa plagi ya sensa ya tangi. Upande wa waya unaotoka kwenye geji, unganisha balbu ndogo ya wati 3.4 kati ya waya huo na ardhi, kisha fungua ufunguo. Kwenye magari mengi ya Kijapani mshale utapanda taratibu. Ukipanda, geji na waya ni vizima; safisha ardhi ya sensa kwanza, kabla ya kuishuku sensa yenyewe. Usipopanda, fuata waya kuelekea mbele, plagi baada ya plagi. Kama itabidi sensa itolewe tangini, gari liwe nje penye upepo, betri imetolewa, na asiwepo mtu wa sigara karibu.