Faida au rejesho la mkopo? Mchoro mmoja, malengo mawili

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nashauri kikundi cha vijana wenye vizimba vya sato huku Ilemela, Mwanza. Nimewachorea mchoro wa maamuzi: mraba wa "tuvune lini", miduara ya mambo yasiyo na uhakika, na nodi moja ya thamani, yaani alama ya lengo tunalolipima. Wanataka faida, ila wanaogopa kukosa rejesho la mkopo, kwa hiyo nimeyapa malengo yote mawili uzito nikajumlisha. Nikibadilisha uzito vyovyote, jibu ni kuvuna zote sasa au kusubiri. Kuvuna nusu, wanakokupenda wenyewe, hakutokei kamwe. Nimekosea wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Hesabu yako huenda haina kosa. Kilichokuponza ni kujumlisha mapema.

Tuchukue namba za mfano tu. Kuvuna zote sasa: faida milioni 6, hatari ya kukosa rejesho asilimia 2. Kuvuna nusu: milioni 7.2, asilimia 12. Kusubiri mwezi: milioni 9, asilimia 25. Hakuna chaguo linaloshindwa na jingine kwa malengo yote mawili, kwa hiyo yote matatu ni halali. Sasa tuseme kila milioni moja inafidia pointi 8 za hatari. Zidisha faida kwa 8, toa hatari: unapata 46, 45.6 na 47, kusubiri kunashinda. Shusha iwe pointi 7: 40, 38.4 na 38, kuvuna zote kunashinda. Jaribu kiwango chochote, nusu haitashika namba moja, kwa sababu, ukichora grafu ya faida na hatari, iko nyuma kidogo ya mstari ulionyooka unaounganisha machaguo mengine mawili. Kwenye karatasi ungeweza kusema basi turushe shilingi kati ya hayo mawili, lakini nani atavuna kizimba kwa kurusha shilingi?

Kwa hiyo weka nodi mbili za thamani, moja ya faida na moja ya rejesho, zote zikipokea mshale kutoka mduara wa mauzo. Kila chaguo litoke na namba zake mbili. Lililozidiwa kote litupe, yanayobaki wapelekee vijana. Usiwaulize faida ina uzito wa asilimia ngapi. Hilo hata mimi lingenishinda. Waulize hatari ipi hawako tayari kuivuka. Wakisema asilimia 15, tafuta faida kubwa kuliko zote chini ya hapo, na nusu inajitokeza yenyewe.

Ila kabla ya hapo, angalia mishale inayoingia kwenye mraba, yaani yale mnayoyajua kabla ya kuamua. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi huvuruga Ziwa Victoria na kupandisha maji ya chini yenye oksijeni kidogo, na samaki aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Kama vijana wanapima oksijeni alfajiri, kipimo hicho kiwe na mduara wake, na mshale utoke hapo kwenda kwenye uamuzi. Bila mshale huo, mchoro utatoa agizo lilelile maji yakiwa mazuri au mabaya. Ukiuweka, unapata chaguo la nne: subirini, lakini vuneni mara kipimo kikianza kushuka. Nadhani hilo ndilo la kukokotoa kwanza, maana linaweza kuyazidi mengine kwa faida na kwa rejesho pia, na mjadala wa uzito ukafa.

Kwa programu, pyAgrum (maktaba ya lugha ya Python) ni ya bure na inakubali michoro ya aina hii. Ikokotoe mara mbili, kila lengo peke yake, ukiwa umeufunga uamuzi kwenye chaguo moja moja.