Barua kwa mwanangu wa Likasi, juu ya asiransi (bima) ya motokari

Kamalondo, Lubumbashi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Tangu ulipoigonga teksi kwa nyuma kwenye foleni ya peaji, pale pa kulipia barabara, mwenye teksi anakupigia simu kila asubuhi, watu wa asiransi wanakuambia "rudi wiki ijayo", na kapo ya motokari yako, kile kifuniko cha injini, ingali imekunjamana. Ukaniuliza: "Papa, niiache kampuni hii niende kwa nyingine? Na kule niseme habari ya ajali au ninyamaze?"

Kuhama, unaweza. Lakini ajali hii haitahama nawe. Ajali inafuata tarehe yake: kampuni iliyokuwa na mkataba wako siku ile ndiyo itakayomlipa mwenye teksi, hata kama kesho umekuwa mteja wa watu wengine. Hiyo mpya haitalipa hata kioo cha taa. Mpe mwenye teksi namba ya dosye na nakala ya PV, ile ripoti ya ajali ya polisi, naye afuatilie upande wake. Wewe kila ukienda ofisini kwao, peleka barua, wapige muhuri kwenye nakala yako. Maneno ya dirishani hayana muhuri.

Sasa nitakuudhi kidogo. Unalalamika kwamba hawataki kutengeneza kapo yako. Fungua mkataba uone ulinunua nini. Mwaka jana nilikuwa nimeketi nawe ukachagua RC peke yake, kwa sababu ilikuwa rahisi, ukasema makuta yaliyobaki utanunulia matairi. RC ndiyo ile ambayo sheria inalazimisha kila motokari kuwa nayo, na kazi yake ni kulipa hasara uliyomtia mwenzako. Kapo yako haimo. Hata ukienda kampuni kumi, ukinunua RC tupu, siku utakapogonga tena, toliye, fundi wa bodi, utamlipa kwa mfuko wako. Kwa hiyo kuna mambo mawili hapa, na wewe umeyafunga fungu moja. Kuchelewa kumlipa mwenye teksi ni kosa lao, hilo uwadai. Kapo ni uamuzi wako.

Sisi wakati wetu hatukuwa na swali kama lako. SONAS, kampuni ya serikali, ilikuwa peke yake hapa Kongo tangu miaka ya 1960, ukubali usikubali. Sheria ya mwezi wa tatu 2015 ndiyo iliyofungua mlango, na kampuni za watu binafsi zikaanza kupewa ruhusa mwaka 2019. Sasa kila mmoja ana kurtiye wake, yaani dalali wa asiransi, anayemsifia kampuni yake kama muuza vitenge. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni ina ruhusa ya ARCA, ile mamlaka ya Kinshasa inayosimamia asiransi. Hao wanaokutana nawe kando ya barabara na sertifika mkononi, wapite.

Juu ya kunyamaza: usinyamaze. Hili nalijua kwa sababu nililifanya. Nilikwaruza basi dogo karibu na soko la Kenya, kitu kidogo tu, tukaelewana, lakini polisi walikuwa wamekwisha andika. Mwaka uliofuata nilihamia kampuni nyingine. Karatasi yao iliuliza ajali ngapi, nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikachukua asiransi kubwa, ile ya riski zote, inayolipa hata motokari yako mwenyewe. Nilipogongwa ubavuni na mtu aliyekimbia, wakachimba, wakaipata ile PV. Wakaniambia: ungesema, ungelipa zaidi, ulilipa sehemu, nasi tutalipa sehemu. Sikuwa na la kujibu. Na hapo walikubali kwamba nilipitiwa tu. Wangeona nilidanganya kwa makusudi, mkataba wote ungefutwa. Mama yako hakujua habari hii mpaka leo, atakaposoma barua yangu juu ya bega langu.

Basi wewe andika tarehe, mahali, na kwamba kosa lilikuwa lako. Pengine watakuongezea bei. Iongeze kwenye hesabu yako kabla ya kusema kule ni rahisi. Waambie pia usukani uko kulia, kwa maana sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara na kampuni inapaswa kulijua hilo. Kisha waulize franshizi ni kiasi gani, yaani pesa utakazobeba mwenyewe kabla wao hawajatia mkono mfukoni. Na waulize nani atakuja kuangalia motokari ikiharibika Likasi. Kampuni yenye ofisi nzuri hapa mjini na hakuna mtu huko kwenu itakupandisha basi kila wiki.

Usivunje mkataba wa sasa kwa hasira. Soma ukurasa unaosema notisi ni siku ngapi kabla ya mwaka kuisha, andika kwa wakati, na mpya uanze siku ileile wa zamani unapokufa. Ukiacha hata siku moja wazi, ni siku hiyo rulaji, polisi wa barabarani, atakusimamisha, au utamgonga mtu. Ukitaka kuvunja katikati ya mwaka, waulize kwa maandishi kama watakurudishia pesa za miezi iliyobaki. Na kwa vile unavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kumbuka kadi ya njano ya COMESA, ile asiransi ya kuvukia mpaka, imefungwa na mkataba wako. Ukibadili kampuni, omba nyingine kabla ya kufika mpakani.

Nipigie picha mkataba, kurasa zote, hata ule wa maandishi madogo. Jumamosi nakuja Likasi na basi la asubuhi. Usimpe toliye kazi mpaka nimeiona hiyo kapo, maana bei uliyonitajia ni ya kapo mbili.

Papa yako