Ngome ya Lamu: kabla ya jela palikuwa kambi

Dada, umeuliza kama ngome ya Lamu ilijengwa iwe jela, kwa kuwa babu yako hadi leo huiita jela. Hapana, ila babu hakukosea.

Ujenzi ulianza mwaka 1813 hivi, ukamalizika 1821. Watu wa Lamu walikuwa wametoka kuwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika vita vya Shela, na kwa hofu ya kisasi wakaomba ulinzi wa Oman. Seyyid Said, mtawala wa Oman, akasaidia kuikamilisha, na wakawekwa humo askari, wakiwemo Wabaluchi, watu wa Baluchistan huko Asia. Wakati huo bahari ilikuwa karibu sana na ukuta. Majengo unayoyaona leo mbele yake yamesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye.

Jela ilikuja na Waingereza, 1910, na Kenya huru ikaendelea nayo hadi 1984. Zaidi ya miaka sabini! Kizazi cha babu hakikuijua vingine, na naomba umhoji mapema, umrekodi, maana kumbukumbu za namna hiyo haziandikwi ukutani.

Baada ya hapo ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikakarabatiwa, ikawa makumbusho na maktaba. Mimi hupenda kupanda juu alasiri, nikatazama paa za mji na watu waliokaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ukienda, gusa kuta zile za matumbawe na chokaa, uone unene wake. Zilikusudiwa kuhimili mizinga.